Sikuenda Kimya

Watu wengi wanaoimba wimbo wetu hawajui kwamba ulipotoka mara ya kwanza ulikuwa na kosa. Si kosa la muziki, ni kosa la ukweli. Nilikuwepo siku yule anayeimbwa alipokuja mwenyewe kulirekebisha, nimeshika vijiti vya ngoma mkononi na sijui pa kuviweka. Kwa hivyo acha nieleze mambo yalivyokwenda.

Mimi naitwa Gathogo. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha mjini Nakuru, na Jumapili mchana nikishatoka kanisani napiga ngoma katika bendi ya Mvuke. Tulijiita hivyo kwa sababu ya ule mvuke unaotoka ardhini kule Menengai, na kwa sababu muziki wetu ulikuwa wa kufoka. Tulikuwa watatu. Lewis Kang'ethe, anayetunza maabara kule chuoni Njoro, alikuwa kwenye gita na ndiye aliyekuwa mwimbaji. Jepleting Kosgei alipiga besi. Jepleting ni daktari wa ng'ombe. Utampata Njoro au Mau Narok juu ya pikipiki, gambuti miguuni, anakimbilia kwa mtu ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa.

Tulifanyia mazoezi nyuma ya karakana yangu, katikati ya mageti yaliyosubiri rangi. Tulipenda rock ya kelele. Majirani walituvumilia tu kwa sababu hata mashine yangu ya kukata chuma ina kelele, na wao walishazoea. Tulikuwa na mashabiki wachache wa kufa na kupona, wengi wao wanafunzi, na shoo zetu zilikuwa kwenye kumbi ndogo ambako mwenye ukumbi hutupa maji ya kunywa na kutuambia tupunguze sauti.

Jumapili moja Lewis alikuwa bado hajafika. Jepleting alikaa juu ya geti lililolazwa chini, akaweka besi mapajani, akaanza kupapasa nyuzi polepole. Kisha akaimba. Mimi sikuwahi kumsikia akiimba peke yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, tulivu, kama anavyoongea na ng'ombe mgonjwa ili asishtuke.

*Tangi lilikuwa na sauti yetu,*
*tukiimba wawili, likirudisha wanne.*
*Ulienda kimya, Mugure wangu,*
*sasa nikiita, najijibu mwenyewe.*

Sikumsikia Lewis akiingia. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na gita mgongoni.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni wimbo tu," Jepleting akasema.

"Wimbo wa harusi. Sisi ni rock, Jep. Tukianza kulia-lia jukwaani, watoto wa chuo watatukimbia."

"Sijasema tuupige."

"Mugure ni nani?" nikauliza mimi.

Ndipo akatueleza. Nyumbani kwao ni Tangi Kavu, kijiji kilicho juu kidogo ya Njoro, kwenye shamba la zamani la mzungu lililogawiwa wananchi. Yule mzungu alijenga tangi kubwa la saruji kilimani ili anyunyizie ngano, na maji hayakupanda kule hata siku moja. Tangi likabaki wazi, na kijiji kikapata jina. Chini lina tundu ambalo mtoto anaweza kupenya. Jepleting na Mugure, binti ya jirani, walikuwa wakipenya humo kila walipotoka shule, wanaimba nyimbo za kanisani na za redioni, na tangi linawarudishia sauti kana kwamba kuna kwaya nzima. Walikuwa darasa la tatu ulipokuja ule mwaka wa vurugu za uchaguzi. Familia ya kina Mugure walikuwa Wakikuyu, familia ya Jepleting Wakalenjin. Siku chache tu, na majirani waliokopeshana chumvi wakawa hawaangaliani. Mchana mmoja lori likaja, kina Mugure wakapakia walichoweza, wakaenda. Nyumba yao ikachomwa nyuma yao.

"Nilikuwa mgonjwa, niko ndani," Jepleting akasema. "Nilipopata nafuu nikaambiwa wameenda. Hakuniambia hata kwaheri. Nimemtafuta kwa simu, kwa mitandao, kila mahali. Akina Mugure ni wengi sana nchi hii."

Lewis aliweka gita chini. Akasema, "Rudia tena kutoka mwanzo."

Tulijaribu kuurekodi mjini, kwenye studio ya jamaa mmoja anayejua kazi yake. Ulitoka safi na ukatoka umekufa. Tuliusikiliza mara nyingi na kila mara tuliangalia viatu vyetu. Ni Jepleting aliyesema, "Wimbo huu si wa chumba kama hiki. Twendeni kwa tangi."

Lewis alinung'unika njia nzima. Tulikodi pikapu, tukabeba ngoma zangu, jenereta na waya mrefu ili jenereta likae mbali, kelele zake zisitufikie. Tulipanda na ngazi, tukashushia vyombo ndani kwa kamba, na wazee wawili waliokuwa wakichunga kondoo walisimama kutuangalia kama wanaoangalia wendawazimu. Ndani kulikuwa na ubaridi, na juu yetu duara la anga. Lewis alichomeka gita, akagonga nyuzi mara moja. Tangi likaichukua ile sauti, likaizungusha, likaturudishia ikiwa kubwa na ya taratibu. Lewis akaacha kunung'unika.

Mpango ulikuwa Lewis aimbe, kwa maana ndiye mwimbaji. Akaimba vizuri kama kawaida yake, ila mle ndani sauti yake ilirudi kama ya mtu anayejisifu. Aliisikia mwenyewe. Alijaribu tena, akasimama katikati ya mstari, akamwangalia Jepleting.

"Imba wewe," akasema. "Huyu si Mugure wangu."

Kwa mwimbaji, hilo ni jambo kubwa. Nilimheshimu Lewis siku hiyo kuliko siku zote nilizokuwa nimemjua.

Jepleting aliimba akiwa amefumba macho. Lewis alikuwa amejiandalia mahali pa kuonyesha ufundi wake, zile nota za kukimbia kama paka juu ya mabati. Pale mahali palipofika alipiga nota tatu tu, ndefu, akaziacha zizunguke ukutani. Tukauita wimbo "Ulienda Kimya", tukaupeleka kwa stesheni moja ya redio ya Nakuru pamoja na nyimbo zetu tatu za kelele, tukiomba wapige zile za kelele.

Mtangazaji wa asubuhi pale anaitwa Becky. Becky hakupenda hata moja ya zile za kelele, na alitwambia hivyo baadaye bila aibu. Akapiga "Ulienda Kimya" watu wakiwa wanaenda kazini. Mimi nilikuwa karakana, nimevaa miwani ya kuchomelea, redio ya jirani ikiwa juu, nikasikia ngoma zangu mwenyewe zikitoka ndani ya duka la vipuri. Nilivua miwani nikabaki nimesimama.

Wimbo ukaisha. Halafu simu zikaanza. Mwanamume mmoja kutoka Molo alisema anataka kumwita rafiki yake Wanjohi aliyekuwa akichunga naye. Mama mmoja wa Subukia akamwita dada yake aliyeolewa mbali na wakakosana. Mwingine akamwita mwanawe aliyeenda Ughaibuni na kuacha kupiga simu. Kila mmoja aliimba ule mstari akitoa jina la Mugure na kuweka jina la mtu wake. Becky akaupiga tena, na tena, mpaka taarifa ya habari ikachelewa.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitarajia. Watu walisikia kwamba tumerekodia ndani ya tangi, nao wakaanza kutafuta matangi. Wanafunzi walitia vichwa ndani ya matangi ya plastiki ya shule. Wapishi wakaimba ndani ya sufuria za mahoteli. Polisi mmoja alijirekodi akiimba ndani ya pipa, kofia mkononi, na video yake ikaonekana kila simu kutoka Naivasha hadi Eldama Ravine. Watoto wa chuo ambao Lewis aliogopa watatukimbia ndio waliokuwa wakilia mstari wa mbele. Tukaanza kuitwa kwenye shoo ambako hakuna mtu anayetuambia tupunguze sauti.

Lakini Mugure hakupatikana. Walijitokeza akina Mugure chungu nzima, wengine kwa mzaha, wengine kwa upweke, na Jepleting alizungumza na kila mmoja kwa adabu. Hakuna aliyejua habari ya tangi kabla ya redio kuisema.

Halafu Jumapili moja, tukiwa mazoezini, akaingia mwanamke mrefu aliyevaa nguo za kanisani na sweta ya bluu. Aliangalia mageti, akatuangalia sisi, mmoja baada ya mwingine.

"Ni nani hapa anaitwa Jepleting?"

"Ni mimi," Jepleting akasema, tayari amezoea. "Karibu, dada. Wewe ni…"

"Kule tangini ulikuwa ukiogopa kenge. Mimi ndiye nilikuwa natangulia kupenya."

Besi ilianguka. Naapa, ilianguka chini na ikatoa mlio, na hakuna aliyeinama kuiokota. Jepleting alienda mbio akitaka kumkumbatia. Mugure akanyoosha mkono, kiganja mbele, akamzuia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimetoka Karagita, kule Naivasha, asubuhi kukuambia kitu. Mimi nafunga maua pale kwa kampuni, na redio haizimwi. Kila siku nasikia wimbo huu. Wasichana wote wanauimba. Wananiambia, wewe Mugure, kumbe uliacha watu bila kwaheri! Wanacheka. Na mimi nanyamaza, maana ningeanzia wapi?"

"Mugure, mimi…"

"Sikuenda kimya!" Sauti yake ilipanda hadi mageti yakaitika. "Unaimbia Kenya nzima ati nilienda kimya. Lori lilikuwa linanguruma, baba ananiita, na mimi nikakimbia hadi kwenu. Niligonga mlango. Nilisema hodi mpaka nikachoka. Nikakuita kwa jina. Nilijua mko ndani, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Hakuna mtu alifungua. Sasa nani alienda kimya, mimi ama nyinyi?"

Jepleting alikuwa amesimama mikono bado imenyooka mbele. "Mimi sikusikia," akasema polepole. Kisha uso wake ukabadilika. "Nilisikia kugongwa. Nilikuwa na homa, niko stoo ya nyuma chini ya mablanketi. Mama aliniambia ni wale vijana waliokuwa wakichoma nyumba."

Mugure alishusha mkono wake. "Basi kamuulize mama yako," akasema. Akaandika namba yake kwenye simu ya Lewis, kwa sababu Lewis ndiye aliyekuwa karibu, akatoka.

Nilimpeleka Jepleting Tangi Kavu siku hiyo hiyo kwa pikipiki yake, yeye amekaa nyuma. Mama yake, Mama Cheruto, tulimkuta nje ya jikoni akisugua kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Alifurahi kutuona, akaanza kuniuliza habari za kazi, akaniletea stuli. Jepleting hakukaa.

"Mama, siku kina Mugure walienda, nani aligonga mlango?"

Mama Cheruto aliendelea kusugua. Mkono ukaenda polepole, ukaenda polepole zaidi, ukasimama.

"Umeonana na yeye," akasema.

"Nani aligonga?"

"Ni yeye." Aliweka kibuyu chini kwa uangalifu kana kwamba ni mtoto mchanga. "Nilijua sauti yake. Nani hangejua sauti ya huyo mtoto, na nilikuwa nimempa uji kwa mikono hii? Lakini vijana walikuwa wamesimama kwa barabara, Jepleting. Wengine siwajui, wengine ni watoto wa hapa. Walikuwa wanaangalia ni nani anafungulia nani. Baba yako alikuwa Eldoret. Nilikuwa na wewe na mdogo wako. Nilisimama nyuma ya mlango, nimeshika komeo, nikamsikia akisema hodi. Nikamsikia akiacha."

"Ukaniambia ni wale vijana."

"Nilikuambia hivyo. Ungetoka mbio kama ungejua."

Hakulia, na hakujitetea zaidi. Jepleting alikaa chini kwenye nyasi, si kwa stuli, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake. Mimi nilijifanya naangalia pikipiki. Baadaye nilimsikia Mama Cheruto akisema, "Kila nikisikia wimbo wako kwa redio nazima. Watu wanafikiri sipendi kelele za gita."

Jioni hiyo, tuliporudi mjini, Jepleting alimpigia Mugure kwa simu ya Lewis akamwambia yote, neno kwa neno, bila kumpaka mama yake mafuta na bila kumpaka matope. Mugure alisema tu, "Nimesikia," akakata. Siku zikapita. Tulikuwa na shoo Nyahururu, na Jepleting akakataa kuimba "Ulienda Kimya". Watu walipiga kelele wakiudai, yeye akasimama mbele ya maikrofoni akasema, "Siwezi kuuimba tena. Nimejua si ukweli." Tulitoka jukwaani tukizomewa. Lewis alidhani bendi imekwisha, na mimi pia.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu ya Lewis. Ulikuwa umerekodiwa chumbani kwa Mugure kule Karagita; nyuma yake walisikika watoto wa ploti ya kupanga wakicheza na mtu akikatakata mboga za sukuma. Na katikati ya hayo yote, sauti nyembamba, imenyooka kama mwanzi.

*Sikuenda kimya, nilibisha: hodi, hodi!*
*Nikataja jina lako mpaka lori likanguruma.*
*Kama mlango ulinyamaza, mlango hauna moyo;*
*nifungulie leo, bado nimesimama.*

Baada ya kuimba alisema, kama anayeagiza kitu dukani: "Hiyo ndiyo nusu yangu. Mkitaka kuiweka, tunarekodia palepale kwa tangi. Na mama yako awepo, Jepleting."

Tulirudi na pikapu, jenereta na waya wetu mrefu. Safari hii Lewis ndiye aliyetuharakisha. Mugure alikaa mbele, na tulipofika pale barabara inapokata kuingia kijijini alimwomba dereva asimame. Alishuka akatembea hadi mahali palipokuwa nyumba yao. Sasa ni shamba la viazi. Alisimama ukingoni, Jepleting nyuma yake hatua kadhaa. Kisha akageuka akasema, "Viazi vimefanya vizuri," tukaenda.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Watu wa Tangi Kavu walikuwa wamejaa kilimani, wazee kwa watoto, wengine wakijua kwa nini wamekuja na wengine wakifuata tu umati. Mama Cheruto alisimama peke yake karibu na lile tundu la chini, kitambaa kichwani, mikono imefungwa tumboni. Mugure alipita mbele yake, akasimama, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anavyomsalimia mzazi. Mugure akapanda ngazi.

Ndani ya tangi wale wawili walisimama wakiangaliana. Jepleting alianza nusu yake kama ilivyokuwa, kosa na yote, kwa maana Mugure mwenyewe alisema ibaki: mtu aimbe alichokuwa akikiamini, halafu ajibiwe. Zamu ya Mugure ilipofika alivuta pumzi. "Sikuenda kimya," akaimba, na tangi likaibeba sauti. "Nilibisha…" Hapo, bila mtu kumwambia, akageuka akagonga ukuta wa tangi kwa ngumi. Ngo! Ngo! Ngo! "Hodi, hodi!"

Niliacha vijiti vyangu. Ngoma gani ingefanya kazi mbele ya kule kugonga? Niliegemea ukutani na mimi nikagonga kwa ngumi pamoja naye, ngo, ngo, ngo, na tangi zima likawa ngoma moja.

Na kutoka nje, kupitia lile tundu la chini, ikaja sauti ya mama mzima, imepasuka, lakini kubwa:

"Karibu!"

Lewis alifumbua macho, vidole bado viko kwenye nyuzi. Mugure hakuacha kuimba, ila machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni. Akagonga tena. "Hodi, hodi!"

"Karibu, Mugure! Karibu, mama!"

Kwa hodi ya tatu kilima kizima kiliitikia. Wazee, watoto, na nadhani hata wale waliokuwa vijana barabarani siku ile, kama walikuwepo, waliitikia pia. Tulimaliza wimbo hatujui tumeumalizaje. Mugure alipenya kwenye lile tundu la chini, nguo za kanisani na yote, na Jepleting nyuma yake, wanawake wazima wakijibana na kutambaa kama watoto. Nilipochungulia niliona tu gambuti za Jepleting, na mbele yake Mama Cheruto amepiga magoti kwenye nyasi, akimpokea Mugure mikononi.

Kule studio, yule jamaa anayejua kazi yake aliuliza kama aondoe zile sauti za nje. Lewis akamwambia akizigusa atamvunjia kompyuta.

Becky ndiye aliyeupiga kwanza. Aliutangaza kwa jina lake jipya, "Sikuenda Kimya", na hakusema zaidi ya hapo. Ule wa kwanza ulikuwa umependwa. Huu ulikuwa kitu kingine kabisa. Ndani ya wiki chache ulikuwa Nairobi, Kisumu, Mombasa. Ulivuka hadi Arusha na Kampala. Ulishika nafasi ya kwanza kwenye stesheni ambazo kwa kawaida hazigusi gita la umeme. Watu waliupiga kwenye harusi, na mchungaji mmoja wa Gilgil akaupiga ibadani, akagonga mimbari kwa ngumi, na kanisa lote likaitikia. Tulisikia habari za ndugu waliokuwa hawasemezani, mmoja akaenda akagonga mlango wa mwenzake mara tatu bila kusema neno lingine, akafunguliwa. Sijui ni ngapi za kweli. Moja naijua ni ya kweli, kwa sababu ni ya Lewis na kaka yake.

Tulipotangaza shoo ya nyumbani, uwanja wa Nakuru ulijaa jua likiwa bado juu. Walikuja wafunga maua wa Karagita kwa mabasi, wamevaa aproni zao za kazini makusudi, na mbele yao bango lenye jina la Mugure. Walikuja wa Longonot na wa Molo. Tangi Kavu walikuja kwa lori, na kina mama walikuwa wakiimba kabla hawajashuka. Mama yake Mugure, aliyekuwa akiishi Gilgil na ambaye hakuwa amekanyaga mkutano wa watu wengi tangu ule mwaka, alikaa mstari wa mbele. Kando yake alikaa Mama Cheruto. Walikuwa wameshaonana kabla ya siku hiyo, na walichoambiana wanakijua wao. Niliona tu wamejifunika shuka moja, maana upepo ulikuwa umeanza.

Tulipofika kwenye ule wimbo, Jepleting aliimba nusu yake na umati ukamwimbia. Kisha Mugure akasogea mbele. Alifungua mdomo, na ile sauti iliyonyooka ikapita juu ya vichwa vya watu hadi ukuta wa mbali. Alipofika kwenye hodi, aliinua ngumi akagonga hewa. Uwanja mzima ukagonga naye, miguu ikipiga mbao za viti, viganja vikipiga mabati, ngo, ngo, ngo, hadi nikahisi ngoma zangu zikitetemeka zenyewe.

"Hodi, hodi!" Mugure akaimba.

"KARIBU!"

Sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Lewis aliniangalia, uso umelowa, anacheka kama mwehu. Mugure alishusha maikrofoni akasimama tu, mikono wazi, na watu wakaendelea kumkaribisha bila muziki, tena na tena, hadi Jepleting alipokuja akamshika mkono.

Tulijaribu kutoka. Hawakutuachia. Na hatukuwa na wimbo mwingine wa taratibu. Tulikuwa na zile zetu za kelele tu, ambazo Becky hakuzipenda.

"Basi!" Lewis akapaza sauti. "Tupige zile za kelele mpaka wazijue!"

Akagonga gita, na tukaanza ile ya kufoka kuliko zote. Mugure hakuijua hata kidogo. Nilidhani atashuka. Badala yake aliokota tari iliyokuwa chini kando ya ngoma zangu, akaanza kuipiga kwa nguvu zake zote, mbele kidogo ya mdundo, anacheka, sweta ya bluu imefungwa kiunoni. Lewis alinigeukia akaonyesha kwa kichwa kwamba mama huyu anatukimbiza. Niliona. Nikaongeza mwendo, nikamfuata.